Simu ya usiku: shajara ya kibanda cha sola kwenye mwalo wa Ziwa Albert

Jumamosi, 8 Februari 2025

Kikundi kimenikabidhi daftari leo, nami naanza na usiku ule wa Januari, maana ndio uliotuleta hapa.

Saa saba usiku mama mmoja alishikwa na uchungu. VHT wetu, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, ana simu, lakini ilikuwa imezima. Wakala wa pesa ana mbili, zote zimezima. Tuligonga milango kumi na moja ndipo tukapata kitochi (simu ndogo ya vitufe) chenye alama moja ya chaji. Kikaita mara moja, kikakata. Vijana wanne wakambeba mama kwenye blanketi lililofungwa miti miwili, wakaanza kupanda ukingo gizani. Mtoto akazaliwa njiani, juu ya mawe. Wako hai wote wawili, namwona mtoto kila asubuhi mgongoni mwa mama yake, na kila nikimwona nakumbuka ile sauti ya simu inayozima.

Kwa asiyetujua: mwalo wetu, ufuko wa wavuvi, uko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilaya ya Kikuube, Uganda. Kuna Waaluri, Wanyoro, Wagungu, na sisi tuliovuka ziwa kutoka upande wa Tchomia, Kongo, mwaka 2018, vita vya Ituri vilipotufukuza. Kiswahili ndicho kinachotuuzia samaki na kutuamulia kesi. Umeme wa gridi hauko. Bwawa la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa Septemba mwaka jana, na redio ilisema mengi, lakini huku chini hakuna hata nguzo.

Kikundi cha akiba kina wanachama 27. Tumetoa shilingi 1,950,000. Zimenunuliwa paneli mbili za wati 150, betri moja ya ampea-saa 100, kontrola ya ampea 20 ya kusimamia chaji ya betri, na inveta ya wati 1,000 ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika kwa herufi kubwa alivyosema mama mwenyekiti: SIMU MOJA IWE HEWANI USIKU KUCHA, KILA USIKU. Kuchaji simu za watu ni biashara ya kulipia hilo.

Jumanne, 18 Februari

Paneli ziko juu. Vijana walibishana zielekee wapi. Hapa tuko digrii moja hivi kaskazini ya ikweta, jua linapita juu ya vichwa, kaskazini nusu mwaka na kusini nusu mwaka, kwa hiyo mwelekeo si kitu kikubwa. Nilichokataa ni kuzilaza bapa kabisa. Tumeziinamisha digrii kumi ili mvua izioshe, maana mwalo wa samaki una kunguru na kaloli (wale korongo wakubwa), na kinyesi kimoja kikikaa juu ya seli moja kinashusha nguvu ya paneli nzima. Tumeweka ngazi ya kudumu nyuma ya kibanda. Jumatatu na Alhamisi ni siku za kupangusa.

Jumamosi, 22 Machi

Mwezi mzima betri haijai. Asubuhi watu ishirini wanapanga foleni, saa kumi jioni tunawarudisha wengine. Nilidhani ni mawingu ya masika. Leo nimepanda na mita.

Paneli zinatoa ampea 15 jua likiwa kali. Nikapima volti kwenye paneli, nikashuka, nikapima kwenye kontrola: tofauti ni volti 2.7. Yaani karibu moja ya sita ya umeme wetu wote inaishia kupasha waya joto. Nilishika waya kwa kiganja, ulikuwa na uvuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Ni waya wa milimita za mraba 2.5, na tuliuzungusha ukutani ili upendeze, mita 12 kwenda na 12 kurudi. Kwa taa ya nyumbani waya huo ungetosha miaka yote. Kwenye sola ya volti 12 hautoshi, kwa sababu volti ni ndogo, ampea zinakuwa nyingi, na hasara inakua pamoja na ampea.

Mimi ndiye niliyenunua waya huo, kwa sababu wa milimita 6 ulikuwa ghali zaidi ya mara mbili. Nimekiri mbele ya kikundi.

Jumatano, 26 Machi

Waya wa milimita 6 umefika kutoka Hoima kwa boda. Tumeupitisha moja kwa moja kupitia paa, mita saba tu. Tofauti sasa ni volti 0.6. Leo saa nane mchana betri imefika volti 14.4 kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Mama mwenyekiti aliniuliza mbona natabasamu peke yangu mbele ya ukuta.

Jumamosi, 5 Aprili

Jumanne UEDCL, kampuni ya serikali, ilichukua kazi ya kusambaza umeme, mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme ukiwa umekwisha 31 Machi. Wazee waliokuwa kibandani waliuliza kama sasa nguzo zitashuka huku. Sikuwa na jibu la kuwapa, nikarudi kwenye inveta.

Nimeipima ikiwa haijachomekwa kitu: inakula wati 12, mchana na usiku. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 288. Mavuno yetu ya siku njema ni kama wati-saa 1,000. Zaidi ya robo inaliwa na sanduku linalovuma bure! Na kazi yake yenyewe ni ya kuzunguka: inapandisha volti 12 hadi 240, kisha chaja ya simu inazishusha tena hadi 5.

Tumeitoa. Badala yake tumefunga soketi kumi za USB za aina ya gari, zinazokula volti 12 moja kwa moja, kila moja na fyuzi yake. Inveta ibaki kwa kinyozi, naye ailipie saa anayoitumia.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkutano wa bei, saa tatu nzima. Nimeandika yote kwa sababu najua yatarudi.

Kitochi chenye betri ya 1,000 mAh kinahitaji wati-saa 5 hivi ukihesabu na upotevu. Simujanja ya 5,000 mAh inahitaji kama 25. Sisi tulikuwa tunatoza shilingi 500 kwa zote. Yaani mama anayeuza muziri, wale samaki wadogo, mwenye kitochi, alikuwa anamlipia kijana chaji ya kutazama video. Nilipoliweka hivyo ukumbi ulinyamaza, kisha vijana wakapiga kelele. Tumekubaliana kitochi 300, simujanja 1,000.

Jambo zito zaidi lilikuwa taa za wavuvi. Muziri huvuliwa usiku kwa taa, na kila mtumbwi una betri yake. Moja ya zile za ampea-saa 26 inameza wati-saa 300 na ushee, sawa na vitochi sitini. Wavuvi wanalipa vizuri, na bila samaki hakuna pesa mwaloni, kwa hiyo kuwakatalia ni kujikatalia wenyewe. Mzee mmoja wa mitumbwi akasema jambo ambalo mimi sikuliwaza: wao wanalala mchana, betri zao zinakaa bure mchana, kwa nini zisichajiwe jua likiwa juu badala ya jioni? Imepita. Betri za taa ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, mbili kwa siku, umeme ukitoka kwenye paneli jua likiwaka. Baada ya saa nane hakuna betri ya taa inayoguswa, hata ya ndugu.

Jumapili, 1 Juni

Naandika nikiwa na hasira, na nimeambiwa niandike hivyo hivyo.

Jana ilikuwa fainali ya Ulaya, PSG na Inter, saa nne usiku kwa saa zetu. Jenereta ya ukumbi wa video iliharibika. Kijana wetu wa zamu akaombwa, akapewa elfu ishirini, akaunganisha televisheni na spika kupitia inveta. Kontrola ilipofika kiwango chake cha chini ikakata, kama inavyotakiwa. Yeye akachukua waya wawili wenye vibanio, akashika moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Mechi iliisha 5–0, wakaendelea na muziki.

Saa kumi na mbili asubuhi nimekuta volti 10.4. Simu ya usiku ilikuwa imezima tangu saa nane. Hakuna aliyeihitaji usiku huo, na hiyo si sifa yetu hata kidogo.

Kijana analia. Sikumfukuza. Betri ile niliiacha wazi juu ya meza, vichwa vikionekana, nikaondoka na ufunguo wa mlango tu. Kosa lake lilipita kwenye tundu nililoliacha mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Jioni betri inaonyesha 12.6, ukitazama utasema nzima. Saa tano usiku, ikiwa na taa moja na simu moja tu, iko 11.4.

Fundi ameshuka kutoka juu na kipimo cha asidi. Amefungua vifuniko sita kimoja kimoja, akavuta asidi kwenye bomba la kioo, akaliinua kwenye mwanga tuone kile kiboya kinaelea wapi. Seli nzima iliyojaa husoma kama 1.265, yaani uzito wa asidi ukilinganishwa na maji. Tano zimesoma karibu 1.24. Ya tatu kutoka kushoto imesoma 1.11, na asidi yake ilikuwa na rangi ya kijivu. Amekaa kimya, akafuta bomba kwa kitambaa, akasema, “Mwalimu, hii ni betri ya gari. Wamewabandikia karatasi ya sola.”

Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha dinamo inaijaza papo hapo. Ukiinyonya usiku kucha, kila usiku, sahani zinashika salfeti na kumomonyoka. Ule usiku wa mpira uliimalizia tu. Duka lililotuuzia limesema waranti haihusu betri iliyoisha chaji kabisa. Tumepoteza 560,000.

Kwa karibu wiki tatu sasa simu ya usiku inategemea kubahatisha, kama Januari.

Jumamosi, 12 Julai

Betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, volti 12.8, ampea-saa 100. Kikundi kimekopa kwenye mfuko wake wenyewe, tutarudisha miezi tisa. Ile ya zamani, ya madini ya risasi na asidi, ilitaka tusivuke nusu. Hii inaruhusu tuinyonye karibu yote na bado idumu miaka, na ndani ina bodi ya ulinzi inayokata yenyewe. Kontrola nimeibadilisha mpangilio isipande juu ya 14.4, na ule mzunguko wa kusawazisha betri za risasi nimeuzima.

Mtu anayezoea betri za zamani aangalie hapa: volti za lithiamu hazikuambii kitu. Ikiwa na asilimia 80 au 40, mita inasoma 13.2 au 13.1, karibu ileile, kisha mwishoni inaporomoka ghafla. Tumenunua mita inayohesabu ampea-saa zinazoingia na zinazotoka. Iko ukutani, namba kubwa, kila mteja anaiona. Ikifika asilimia 40 tunafunga soketi. Betri iko ndani ya sanduku la chuma, na funguo ni mbili, za watu wawili wasio wa nyumba moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Sasa simu ina chaji, na mtandao hauna.

Usiku mmoja mwezi uliopita simu yetu ilikuwa imejaa, na VHT alikuwa ameishika mkononi. Alama sifuri. Mnara uko juu ya ukingo, nao hauna gridi. Fundi wa minara aliyekuja baadaye alinieleza kwa upole: mitambo ya mnara inakula volti 48 kutoka kwenye betri, jenereta ya dizeli inazijaza, na dizeli inaletwa na lori. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo barabara inakatika, betri za mnara zenyewe zimechoka, ikifika saa saba usiku mnara unalala. Asubuhi mtu akipanda na madumu kwa pikipiki unaamka.

Sisi tunahangaika na wati-saa 5 za kitochi, kumbe mnyororo una pete nyingine juu ya mlima ambayo hatuwezi kuigusa. Tulichoweza ni kuhesabu. Kwa usiku 24 zamu imeandika saa ambayo alama zinapotea na saa zinaporudi. Usiku 9 kati ya 24 mtandao umekatika zaidi ya saa mbili. Mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, amepiga muhuri, karatasi imepelekwa kwa kampuni. Wametujibu kwamba mnara uko kwenye orodha ya kufungiwa sola. Hawakutaja mwezi.

Jumamosi, 23 Agosti

Jibu lilikuwa juu ya paa la nyumba ya bibi mmoja wa hapa mwaloni, nimelipita miaka saba.

Ni ile antena ndefu yenye vijiti kama mifupa ya samaki. Nilidhani ni ya televisheni. Leo nimekaa naye akanihadithia. Mwaka 2003 MTN na Grameen Foundation walipoanzisha simu za kijiji hapa Uganda, yeye alikuwa miongoni mwa waliokopa: simu moja, antena ile, betri ya gari. Watu walitembea kutoka miji mitatu kuja kupiga. Nikamuuliza alifanyaje betri isiishe usiku. Akaniangalia kama mtoto. “Nilikuwa nalala nayo chini ya kitanda. Mtu akitaka kuchaji redio yake, namwambia nenda kwa mwingine, hii ni ya kuongea tu.”

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga Februari. Simu ya mezani inayotumia laini ya simu ya mkononi inakula wati 2. Usiku na mchana, wati-saa 48. Hazitoshi hata kujaza simujanja mbili. Tumenunua paneli za wati 300, tumeua betri, tumekopa, tumegombana, na kitu tulichokiandika kwa herufi kubwa kilikuwa kinahitaji paneli ya ukubwa wa sinia, mradi tu isichomekwe kitu kingine chochote. Kila mara tulichokosa kilikuwa kizuizi kati ya umeme wa biashara na umeme wa simu ile.

Jumapili, 31 Agosti

Tumetenganisha. Paneli ya wati 30 juu ya paa la bibi, betri ya lithiamu ya ampea-saa 20 chini ya kitanda chake, kwa ombi lake. Ikijaa ina wati-saa 256, siku tano bila jua. Haina soketi ya USB. Haina vichwa vya kushika kibanio. Ina waya mmoja tu unaokwenda kwenye simu ya mezani, ile yenye tundu la antena nyuma, maana simu za mkononi za siku hizi hazina pa kuchomeka.

Antena ya zamani ilikuwa imeota kutu kwenye kiungo. Tumeisugua, tukabadilisha kebo, tukaipandisha kwenye mlingoti wa mita sita. Hatukuielekeza kwenye mnara wetu wa juu. Tuliizungusha taratibu, mimi nikiwa kwenye mlingoti, kijana wa ile fainali akiwa ndani anapaza sauti: moja, moja, sifuri, mbili, TATU! Ni mnara wa kampuni nyingine, mbali kusini kando ya ziwa, ambao simu ya mkononi haiushiki hapa kabisa. Sauti iko wazi. Mtandao wa kawaida wa 2G unaweza kufika hadi kilomita 35 pakiwa wazi, na juu ya maji hakuna cha kuziba. Tulikuwa waangalifu tusiielekeze magharibi, maana hapo inashika Kongo, na salio linaliwa na simu moja.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa nane na dakika arobaini usiku simu ya bibi imelia. Mtumbwi wa watu watano, injini imekufa, upepo unawasukuma nje. Mmoja alikuwa na kitochi ndani ya kondomu iliyofungwa fundo, kama wanavyofanya wavuvi wote kuzuia maji. Mnara wetu wa juu ulikuwa umelala tangu saa sita. Kitochi chake kilikuwa na laini ya kampuni ile nyingine, na huko ziwani kikaushika ule mnara wa kusini.

Bibi hakuja kuniamsha. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa mitumbwi, yule wa betri za mchana. Walirudi saa kumi na moja alfajiri, watano wote, na nyavu zao.

Jumapili, 14 Septemba

Betri ya bibi saa kumi na mbili asubuhi: asilimia 88. Ya kibanda: 43, jana kulikuwa na wingu tangu saa sita.

Mkutano umeamua namba ya simu ya bibi iandikwe kwa rangi nyeupe ndani ya kila mtumbwi, kwenye ubao wa kukalia, mahali ambapo mtu mwenye tochi ataiona hata akitetemeka. Pia kila mtumbwi uwe na angalau laini moja ya mnara wa kusini. Tumepaka mitumbwi 31. Mingine iko majini hadi kesho, na mmoja mvua imeufuta rangi kabla haijakauka, kijana amekwenda kuurudia.